Chafya za Msimu: Kwa Nini Mmoja Huugua na Ndugu Yake Hana Neno

Mvua za mwisho wa mwaka zikiisha na ndengu kukauka shambani, kazi ya kupura huanza. Watu wa nyumba moja huzunguka turubai moja, hupiga kwa fimbo za namna moja na kuvuta vumbi lile lile. Lakini tazama vizuri. Baba hupura mpaka jioni bila neno. Mtoto wake wa pili, hata nusu saa haijapita, hupiga chafya kumi mfululizo, macho huwa mekundu na pua hutiririka maji. Ndugu yake anayemfuata yuko salama kabisa. Vumbi ni moja, wazazi ni wale wale, mbona mgonjwa ni mmoja tu?

Swali hili huulizwa na wakulima wengi katika maskimu ya Kitui na Makueni, na majibu yatolewayo vijijini ni ya kila namna. Mmoja husema mtoto ni mvivu, anaikimbia kazi. Mwingine husema ni mafua tu, yatapita. Wa tatu huogopa kifua kikuu. Na wa nne humtazama mke wa mwanawe kwa jicho kali na kusema, "Ugonjwa huu haukuwa katika ukoo wetu." Majibu hayo yamewagharimu watu fedha, yameharibu masikilizano ya nyumba, na yamewaacha watoto wakihangaika usiku bila usingizi. Basi, msomaji, katika makala haya tutaeleza ugonjwa huu ni nini, ni kitu gani hasa kinachorithiwa, na ni mambo gani unaweza kuyafanya nyumbani kwako.

UGONJWA WENYEWE

Jina lake ni mafua ya mzio. Watu wengi husema "aleji ya pua". Si mafua yale yanayoambukizwa na mtu mwingine. Mafua ya kawaida huja pamoja na homa kidogo na maumivu ya mwili, na kwa kawaida huisha katika muda wa wiki moja au siku kumi. Mafua ya mzio hayana homa. Dalili zake ni pua kuwasha, chafya nyingi mfululizo, makamasi mepesi kama maji, pua kuziba hasa usiku, na macho kuwasha na kutoa machozi. Yanaweza kudumu kwa wiki nyingi, na hurudi kila mara mgonjwa akutanapo na kile kitu kinachomdhuru.

Mtoto mwenye ugonjwa huu unaweza kumtambua kwa kumwangalia tu. Husugua pua kwa kiganja kutoka chini kwenda juu, mara nyingi kwa siku, mpaka mstari mdogo hutokea juu ya pua. Hulala kinywa wazi. Asubuhi huamka amechoka, na darasani husinzia. Mwalimu humwona mjinga, kumbe hakulala.

Usiudharau ugonjwa huu kwa sababu hauui. Watu wengi wenye pumu wana mafua ya mzio pia, na mtu mwenye mafua ya mzio yuko katika hatari zaidi ya kupata pumu kuliko mwenzake asiye nayo. Na pumu inaweza kuua.

ASKARI ANAYEKOSEA

Mwili wa mtu una ulinzi wake, kama boma lilivyo na askari wa usiku. Kazi ya askari huyo ni kumtambua adui na kupiga kelele. Sasa fikiri juu ya askari mwenye hofu nyingi. Mbuzi wa jirani anapita karibu na ua, naye anadhani ni chui. Anapiga mbiu, watu wanatoka na mashoka, mbwa wanabweka, vyungu vinavunjika. Asubuhi hasara ni kubwa, lakini mbuzi hakufanya ubaya wo wote. Hasara imeletwa na mbiu.

Ndivyo mzio ulivyo. Vumbi la nyasi halina sumu. Lakini mwili wa mtu fulani huliona kama adui, na hutengeneza kingamwili za namna ya pekee kwa ajili yake. Kingamwili hizo zinaitwa IgE. Zilivumbuliwa katika mwaka wa 1966 na 1967 na mabingwa wa Kijapani, Kimishige na Teruko Ishizaka, waliokuwa wakifanya kazi Marekani, na karibu wakati ule ule na wenzao wa Sweden. Kingamwili hizi hujishika katika chembe fulani ndani ya ngozi laini ya pua, zikisubiri. Siku vumbi lile linaporudi, chembe hizo hupasua akiba yao na kumwaga kitu kiitwacho histamini. Histamini ndiyo iletayo mwasho, chafya, maji na uvimbe, na huanza kazi katika dakika chache tu.

Kwa hiyo mara ya kwanza mtu akutanapo na vumbi hilo, haoni kitu. Mwili unajifunza kwanza. Taabu huja baadaye, pengine baada ya misimu kadha.

KITU KINACHORITHIWA

Sasa tuje kwenye swali letu. Kwa nini askari wa mtu mmoja ni mwoga, na wa ndugu yake ni mtulivu?

Wewe mfugaji unajua jambo hili tayari, ingawa hukuliita kwa jina hili. Mpeleke ng'ombe wa kienyeji mwenye nundu na ng'ombe wa gredi katika malisho yenye kupe wengi. Yule wa gredi ataanguka kwa ndigana upesi, na yule wa kienyeji ana nafasi kubwa zaidi ya kupona. Kupe ni wale wale, malisho ni yale yale. Tofauti imo ndani ya damu yao, waliyoipokea kwa wazazi wao. Vivyo hivyo katika mbegu. Mahindi ya Katumani, yaliyotengenezwa katika kituo cha utafiti karibu na Machakos katika miaka ya 1960, hukomaa mapema na kuiponyoka kiangazi, hali mahindi ya nchi ya baridi hukauka kabla ya kubeba. Tabia hiyo imo ndani ya punje yenyewe.

Maagizo ya kurithi yamo katika vitu vidogo sana viitwavyo jeni, ambavyo havionekani kwa macho. Kila mtu ana jeni kwa jozi: moja ya baba, moja ya mama. Na katika watu pia kuna jeni zinazomfanya mmoja aumwe na mwenzake asiumwe. Daktari Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, alionyesha katika mwaka wa 1954 kwamba mtu aliyerithi jeni moja ya selimundu, kutoka kwa mzazi mmoja tu, hupata kinga dhidi ya malaria kali. Lakini aliyerithi mbili, kwa baba na kwa mama, huugua selimundu yenyewe.

Mzio haufuati njia nyepesi kama hiyo. Selimundu ni kazi ya jeni moja. Mzio ni kazi ya jeni nyingi, na kila moja huongeza kidogo tu. Katika mwaka wa 2018 ilitangazwa habari ya uchunguzi mkubwa uliolinganisha jeni za watu zaidi ya laki mbili, wengi wao wenye asili ya Ulaya, wengine wenye mafua ya mzio na wengine wasio nayo. Mabingwa walipata sehemu 41 katika maagizo ya kurithi ambazo zinahusiana na ugonjwa huu. Nyingi za sehemu hizo zinahusu ulinzi wa mwili: jinsi adui anavyotambuliwa, na jinsi mbiu inavyopigwa.

Sasa utaelewa kwa nini watoto wa tumbo moja hutofautiana. Fikiri juu ya vikapu viwili vya mbegu zilizochanganywa, kimoja cha baba na kimoja cha mama. Kila mtoto anapotungwa, mkono huingia katika vikapu vyote viwili na kutoa nusu. Mkono hautoi mbegu zile zile kila mara. Mtoto mmoja huweza kupata punje nyingi za mzio, na mwingine chache. Mapacha wa kufanana kabisa tu ndio wenye mbegu zile zile zote. Na kweli, mabingwa waliochunguza mapacha wameona kwamba pacha mmoja wa kufanana akiwa na mafua ya mzio, mwenzake huwa nayo mara nyingi kuliko ilivyo kwa mapacha wasiofanana. Lakini sikiliza vizuri: si mara zote. Hata watu wawili wenye jeni zile zile, mmoja huweza kuugua na mwingine asiugue. Basi jeni si neno la mwisho.

"KULE MILIMANI HATUKUWA NAYO"

Wazee wengi waliohamia maskimu husema maneno haya. Wakati skimu ya Makueni ilipofunguliwa, karibu na mwisho wa miaka ya 1940, msitu wenye mbung'o ulifyekwa, na watu wakatoka katika milima iliyojaa watu kuja kulima nchi mpya. Wengine walikuja baadaye katika maskimu mengine, kama Masongaleni. Mtu akianza kupiga chafya miaka michache baada ya kuhama, hudhani ardhi mpya ina laana, au kwamba jirani mpya amemtega.

Jeni za mtu hazibadiliki akiwa juu ya lori. Kilichobadilika ni nyasi, vumbi, nyumba, ghala na kazi. Mwili hukutana na vitu vipya, hujifunza navyo misimu kadha, ndipo askari mwoga anapoanza kupiga mbiu. Tunachorithi ni utayari wa kuugua. Mahali tunapokaa ndipo panapouamsha utayari huo au kuuacha ulale.

Ushahidi upo hapa hapa Kenya. Katika miaka ya 1990 madaktari waliwapima watoto wa shule wa Nairobi na wa mashambani Murang'a. Watoto walikimbizwa, kisha pumzi yao ikapimwa. Wale ambao pumzi yao ilipungua baada ya mbio, kama inavyotokea katika pumu, walikuwa karibu 23 katika kila 100 mjini, na 13 tu katika kila 100 kule Murang'a. Pumu si mafua ya mzio, lakini ni ndugu yake. Tofauti kubwa hivyo, katika watoto wa nchi moja walio mwendo wa saa chache tu kutoka wenzao, haitokani na jeni peke yake. Hewa, nyumba na maisha vina sehemu yake.

Tena kuna jambo la minyoo. Mabingwa wengi husema kwamba kingamwili za IgE ziliwekwa mwilini hasa kwa ajili ya kupigana na minyoo. Kwa hiyo jeni zinazotuletea chafya leo huenda ziliwasaidia mababu zetu kuishi. Kule Gabon, katika mwaka wa 2000, ilionekana kwamba watoto wenye kichocho ngozi yao haikuonyesha mzio wa utitiri wa vumbi mara nyingi kama ya wenzao. Lakini asije mtu akaacha dawa ya minyoo kwa sababu hiyo! Kichocho huharibu kibofu, ini na matumbo, na minyoo hunyonya damu ya mtoto. Vidonge vya minyoo vikija shuleni, mtoto wako avimeze.

USIMLAUMU MKE WA MWANAO

Tunataka wazazi walishike neno hili. Mtoto hupokea nusu ya jeni zake kwa baba na nusu kwa mama. Mzazi anaweza kubeba punje za mzio maisha yake yote bila kupiga chafya, kisha mtoto akazipata pamoja na zile za upande wa pili, na ugonjwa ukatokea. Mzazi mmoja akiwa na mzio, hatari ya mtoto huongezeka. Wazazi wote wawili wakiwa nao, huongezeka zaidi. Na wako watoto wenye mzio ambao wazazi wao wote wawili ni wazima. Punje hizi zimo katika kila ukoo, kila kabila na kila taifa la dunia.

Kwa hiyo kumkataa msichana kwa sababu ndugu zake wana chafya, au kumrudisha mke kwao, ni dhuluma, tena haina faida. Vile vile kuuza mbuzi ili kununua hirizi ya kuondoa chafya ni kutupa mbuzi.

Lakini kuijua habari ya ukoo kuna faida nyingine. Ikiwa wewe au mkeo mna mafua ya mzio, pumu, au ule ukurutu wa ngozi unaowasha tangu utotoni, basi waangalie watoto wenu mapema. Mwambie muuguzi habari hiyo unapompeleka mtoto zahanati. Itamsaidia kutambua ugonjwa.

VITU VINAVYOAMSHA MZIO NYUMBANI NA SHAMBANI

Unga wa maua ya nyasi. Watu huyalaumu maua makubwa yenye rangi. Mara nyingi hayana hatia. Unga wake ni mzito na hunata, hubebwa na nyuki. Unga wa nyasi ni mwepesi, huchukuliwa na upepo mbali sana. Nyasi huchanua mvua zinapokwisha, na ndiyo sababu chafya huja kwa msimu. Unga wa mahindi ni mzito kidogo na huanguka karibu, basi humsumbua hasa yule anayefanya kazi ndani ya shamba linapochanua.

Utitiri wa vumbi. Hawa ni wadudu wadogo wasioonekana kwa macho. Hukaa katika magodoro, mito na mablanketi, na hula magamba ya ngozi ya watu. Hupenda unyevu na giza. Mtu anayeamka na chafya kila asubuhi, mwaka mzima, na ashuku kitanda chake.

Ukungu wa ghala. Mahindi yaliyowekwa na unyevu huota ukungu, na vumbi lake huamsha mzio. Lakini hapa kuna hatari kubwa kuliko chafya. Ukungu wa namna fulani hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Katika mwaka wa 2004 sumu hiyo iliwapata watu wa Makueni, Kitui na wilaya za jirani. Watu 317 waliugua, na 125 kati yao walikufa. Sumu hiyo haimchagui mwenye mzio. Humdhuru kila anayekula. Basi anayekausha mahindi yake vizuri hujikinga na mambo mawili kwa kazi moja.

Manyoya na magamba ya wanyama, vumbi la nyasi kavu za mifugo, na mende wa jikoni huweza kuamsha mzio pia. Moshi wa kuni na ugoro si mzio, lakini huichoma pua iliyokwisha kuvimba na kuizidisha.

MAMBO YA KUFANYA

1. Chunguza. Kwa muda wa mwezi mmoja, andika katika daftari siku ambazo chafya zilikuja, mahali, na kazi iliyofanywa. Utamjua adui.

2. Gawa kazi kwa akili. Mtoto mwenye mzio asipure wala kupepeta. Mpe kazi ya kuchota maji, kuchunga au kupanda. Huo si uvivu.

3. Pureni mahali penye hewa, na mwenye mzio akilazimika kuwapo, asimame upande upepo unakotoka. Afunge pua na kinywa kwa barakoa au kitambaa safi, kisha aoge na kubadili nguo kabla ya kulala.

4. Anika godoro, mito na mablanketi katika jua kali kila wiki. Jua la Ukambani ni dawa isiyouzwa. Fua mashuka kwa maji ya moto sana. Kabla ya kufagia, nyunyiza maji sakafuni.

5. Kausha mahindi juu ya turubai, si juu ya ardhi, mpaka unyevu ushuke chini ya sehemu 13.5 katika 100. Kama huna kipimo, chukua chupa kavu, tia chumvi kavu na punje, tikisa sana, kisha iache kwa dakika chache. Chumvi ikinata katika chupa, mahindi bado hayajakauka. Usiweke magunia ya nafaka katika chumba cha kulala.

6. Toa moshi nyumbani. Jiko lenye bomba au dirisha kubwa huwasaidia mama na watoto wote.

HABARI ZA DAWA

Nenda zahanati upate ushauri. Vidonge vya kuzuia histamini hutuliza chafya na mwasho. Vile vya zamani, kama Piriton, huleta usingizi. Aliyevimeza asiendeshe pikipiki wala asishike mashine ya kusaga. Vipo vingine, kama setirizini, visivyolewesha sana. Kwa mtu ambaye pua huziba kila siku, daktari huweza kumpa dawa ya kupuliza puani. Dawa hiyo hufanya kazi pole pole, hutumiwa kila siku, na asiyesubiri hudhani haifai. Kuosha pua kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, yenye chumvi kidogo, husaidia pia. Mama mja mzito asimeze dawa yo yote kabla ya kumwuliza muuguzi.

Jihadhari na matone ya dukani ya kufungua pua. Ukiyatumia zaidi ya siku tano, pua huziba tena kuliko mwanzo. Usikubali kudungwa sindano na mtu wa sokoni. Na asali ya Kitui, ijapokuwa ni chakula bora na yenye sifa, haiponyi mafua ya mzio. Unga uliomo ndani yake ni ule wa maua ya nyuki, si ule wa nyasi.

Usikae nyumbani ukiona dalili hizi: kifua kukorota au pumzi kuwa fupi, kikohozi cha wiki mbili au zaidi, pamoja na jasho la usiku na kukonda, kwa maana hicho huweza kuwa kifua kikuu, au mtoto mdogo kutokwa na makamasi yanayonuka katika tundu moja tu la pua. Mara nyingi huyo ametia punje ya haragwe au ya mahindi puani, na muuguzi ataitoa.

Msomaji, jeni zako hukuzichagua, wala mtoto wako hakuzichagua zake. Mkulima hachagui mvua, lakini huchagua mbegu, hujenga matuta na hukausha mavuno. Hali kadhalika katika ugonjwa huu: godoro, ghala, jiko na mgawanyo wa kazi vimo mikononi mwako. Anza na godoro, Jumamosi hii, jua likichomoza.